Anaripoti kwa Nani?

Mtani wangu Kabula,

Siku ya kukuzika nilikuangusha. Mimi, Mzigua mzima, ndugu zako wamenisogeza mbele nifanye haki yangu ya utani, nijilaze kwenye udongo, nidai ng'ombe kabla hujashushwa, nami nikashindwa hata kufungua mdomo. Mjomba wako wa Bukundi akasema, "Mtani gani huyu analia kuliko wafiwa?" Watu wakacheka kidogo. Angalau hapo nilisaidia.

Najua neno hilo hulipendi. Pale ofisini kwetu Bariadi, kila karatasi ya majukumu iliyopita mezani kwako ililazimika kulitapika. Kusaidia nini, ulikuwa unaniuliza, na mpaka wapi? Ulisema mgeni akikabidhiwa karatasi asubuhi, kabla ya chai ya saa nne awe anafanya kazi bila kumuuliza mtu. Na kabla hujasoma majukumu yenyewe, kidole chako kilishuka kwanza kwenye "Anaripoti kwa". Kazi isiyo na wa kupokea taarifa, ulisema, mtu ataifanya mpaka akonde na hakuna atakayejua.

Kabula, mama yako anakonda.

Sikutaka kukwambia hivyo, lakini nitamwambia nani? Yuko palepale Nkololo. Macho yamezidi kufifia, na magoti hayamfikishi hata chooni bila mtu. Kaka yako Masanja, akiwa huko Dar, analipa dada wa kazi. Wa kwanza aliambiwa kwa simu tu, "umwangalie mama." Basi majirani wakamwangalizisha na watoto wao, na msimu ulipofika akachumishwa pamba ya watu. Akatoroka. Wa pili alichoshwa na nguo za kila mgeni aliyelala pale. Hapo nikajitia kimbelembele, nikasema, niachieni mimi. Si kazi yangu hiyo? Si nilifundishwa na Kabula?

Nikamwandikia wa tatu karatasi ambayo ungeigongea mhuri. Anapika uji kabla jua halijapanda. Anampeleka mama chooni akiwa amemshika mkono wa kulia. Anampa dawa ya presha akishakula. Hafui nguo za wageni. Hachumi pamba ya mtu. Hakuna "kusaidia" hata moja, wala ule mstari wa "kazi nyingine atakazopangiwa" uliokuwa ukiufananisha na gunia lililotoboka. Binti akaifuata yote. Haukupita muda akanipigia: "Dada Mwanaidi, nimefanya yote ya kwenye karatasi, ila mama hali."

Jumamosi nikaenda. Binti akaweka uji, akasema shikamoo, akatoka kufagia. Mama akauacha upoe. Ndipo nikakukumbuka ulivyokuwa ukiingia mle ndani, unachuchumaa mbele ya kigoda chake, mwangaluka mayu, umeamkaje mama, halafu unaanza. Umelalaje, mbuzi wamelalaje, ng'ombe walioko Sapiwi wanasemaje. Hata wale waliokwisha kuuzwa mnadani uliwaulizia, naye akakujibu mmoja mmoja. Akimaliza ndipo mkono wake unalitafuta bakuli. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni na njaa yangu, nakutania kwamba salamu za Wasukuma zinapoza chakula.

Nikachuchumaa. "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, akanigeuzia uso, akasubiri swali linalofuata. Sikuwa nalo. Miaka yote hii ya Bariadi wewe ndiye uliyekuwa ukinisemea. Nikamsogezea bakuli, akasema wabeja, asante, na hakula. Nilijiona mjinga kuliko nilivyowahi kujiona mbele ya mtu.

Binti yule ameondoka. Alisema hawezi kumtazama mtu akiisha mikononi mwake. Masanja naye ameamua: wa nne atakayekuja naye akiondoka, atatuma gari limchukue mama, apelekwe kwa mjomba Bukundi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nikataka kumwambia, lakini mimi ni nani wa kumwambia? Mama hataki kwenda. Anasema Bukundi hakuna kaburi lako.

Wa nne anaitwa Limi, binti wa Sapiwi, Kisukuma chake kimenyooka. Nimemwandikia karatasi, nikaichana, nikaandika tena: "Kuchuchumaa mbele ya mama na kumuuliza habari mpaka ziishe." Ungenifokea. Ziishe saa ngapi? Na akiuliza huku akili yake iko kwenye simu? Nitamwandikiaje mtu kwamba atake kusikia jibu? Sijui, Kabula. Hili hukunifundisha.

Nikafika kwenye mstari wako, "Anaripoti kwa". Masanja analipa lakini haoni. Mimi naona, lakini si ndugu, wala lugha sina. Nikamwomba Limi amuulize mama mwenyewe: binti huyu akishindwa, au akiumwa, amwambie nani? Mama akageukia dirisha, kule kwenye uzio wa minyaa ulikozikwa. Hakufikiri sana.

"Amwambie Kabula."

Limi akanitazama aone kama ataambiwa vingine. Nikaliandika jina lako pale, kwa kalamu ya ofisi.

Leo asubuhi Limi amechuchumaa, ameulizia ng'ombe, amekosea majina yao, mama amemsahihisha, na uji umefika nusu ya bakuli. Kesho sijui. Sina uwezo wa kujua kesho. Ila kila Jumamosi nitakuja mpaka kwenye minyaa nikueleze ameula kiasi gani, na nitajifunza swali la pili, na la tatu. Hii ndiyo taarifa ya kwanza. Lala, mtani wangu. Ng'ombe wangu wa msibani bado nawadai.

Mwanaidi