Masufuria ya Kikundi cha Mama

Dada Adela mpenzi,

Bukoba hamjambo? Huku Herndon, Marekani, baridi imeanza, na mwanangu Method namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza.

Uliuliza kazi yangu ya umeme. Yakumbuke masufuria ya kikundi cha Mama: hakuna aliyenunua lake, mwenye harusi aliazima ya kikundi, maana harusi zote haziangukii siku moja. Majimbo ya huku nayo yanapanga mitambo ya akiba ya kuzalisha umeme kwa pamoja, yanaazimana, na gharama inapungua.

Nyumbani akiba yenu ni mimi. Mkipungukiwa mnanipigia, nami nafurahi, dada, kweli. Ila mwezi ujao nafanyiwa upasuaji wa titi, na sijamwambia mtu.

Safari hii naazima mimi. Barua ya mwaliko ya kuombea viza hii hapa. Usinitumie pole. Njoo.

Mdogo wako akupendaye,
Anitha