Mabati Manne ya Upenu

MAELEZO YA SHAHIDI

Hujulikana kama: Mama Sindano. Umri: miaka 24. Kazi: kushona nguo. Makazi: nyumba ya kona, nyuma ya karakana ya matofali.

Afande, kwanza naomba radhi kwa kukaa siku mbili bila kuandika haya. Mtoto anaota meno, na mkono wangu mmoja ni wake.

Fundi aliyeezeka nyumba yangu mnaye mahabusu kwa madai ya kuiba mabati manne. Hakuiba.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu mimi na fundi tulipanga paa. Nyumba ina urefu wa mita tisa. Bati likipandana na mwenzake hufunika sentimita sabini na tano, kwa hiyo ni mabati kumi na mawili kila upande wa paa. Pande mbili, ishirini na manne. Nikamwambia aongeze upenu ncha zote mbili, maana mvua ilikuwa inapiga ukuta wa chumba cha mtoto mpaka unatoa jasho. Bati moja kila upande wa kila ncha ni manne zaidi; akaandika ishirini na manane.

Tarehe 12, saa nne asubuhi, alikuja shemeji yangu na risiti ya mabati ishirini na manane mkononi. Mume wangu yuko safarini kikazi. Nyumba bado haina dari, basi shemeji alipita chumba hadi chumba akihesabu mabati kwa kidole. Akapata ishirini na manne.

"Manne yameota miguu," akasema.

Nikamwomba anisikilize.

"Shemeji, wewe nyonyesha. Hesabu tuachie sisi."

Saa tisa fundi alichukuliwa, pamoja na zana zake.

Leo saa moja asubuhi nilifunga mtoto mgongoni, nikaazima ngazi ya jirani, nikamwita shemeji nje.

"Nguo haikatwi sawa na mwili," nikamwambia. "Ina pindo. Panda uhesabu."

Alihesabu mara mbili. Ishirini na manane.

"Kumbe yako nje," akasema.

"Yako nje. Ndiyo yaliyokukinga mvua juzi ukisubiri polisi."

Alishuka. Ukuta wa mtoto ni mkavu, nimeupapasa mwenyewe.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyapima. Vilivyobaki kwenu niletewe leo: nyundo, futi, msumeno, na fundi mwenyewe. Bado upenu wa jikoni.

Sahihi: Mama Sindano

Maelezo ya askari: Nimefika kwenye nyumba saa tatu na nusu, nimehesabu kutoka nje. Ishirini na manane. Mlalamikaji amefuta madai. Fundi ametoka saa tano. Zana zake amebebewa na mlalamikaji.