Sekunde Tano za Lori la Maji

Ustaz,

Darasa lako la fizikia limebaki. Naanza na hilo kwa sababu najua usingepokea salamu yangu kabla ya kulisikia.

Baada ya kukuzika, mkuu wa shule alisema wanafunzi wako wahamie historia, maana mwalimu hayupo na mimi, msaidizi wako, bado mbichi. Nilikasirika, Ustaz. Nikamwomba somo moja tu, yeye mwenyewe akae nyuma asikilize. Akakubali shingo upande.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Niliwapa lori la maji linaloteremka barabara ya Jebel kwa mwendo wa wazimu, mita ishirini kwa sekunde. Dereva anakanyaga breki, na kila sekunde mwendo unapungua kwa mita nne kwa sekunde. Litasimama baada ya muda gani? Jokudu, yule binti wa mtaa wa Hai Jalaba asiyeogopa mtu, akakimbilia ubaoni. Sifuri kutoa ishirini, akagawa kwa nne. Akaandika: hasi tano.

Mkuu akainua nyusi. Nusura nilifute jibu mwenyewe. Hapo nikakusikia, na kile Kiswahili chako cha kwenu Arua nilichokuwa nakicheka: "Wewe iko na haraka ya nini? Wacha yeye asome jibu yake." Nikamwambia Jokudu asome kwa sauti. Akasoma, kisha akasema, "Madam, hii lori imesimama kabla dereva kukanyaga breki."

Darasa zima likaangua kicheko, mkuu naye. Jokudu mwenyewe akasema breki inapunguza mwendo, kwa hiyo ile nne nayo ni hasi. Akagawa upya, akapata tano. Wenzake wakahakiki kwa makofi vile ulivyowazoesha, kofi moja kila sekunde, wakitaja mwendo uliobaki: kumi na sita, kumi na mbili, nane, nne, sifuri.

Mkuu aliiendea ratiba ukutani, akafuta jina lako, akaandika langu. Nililia mbele ya watoto, Ustaz, na wakati huohuo nilikuwa na furaha ambayo sijaionja tangu utuache.

Pumzika sasa. Nakuahidi sitamfutia mtoto jibu kabla hajalisoma mwenyewe. Jokudu naye anataka kuwa mwalimu wa fizikia hapahapa shuleni kwetu. Nimemwambia nafasi imejaa.

Keji