Magari Yalipita Juu

Kwako Harlan,

Sisi huku Nebraska wazima, pampu bado inavuja, nami nina hasira nawe.

Jana mama yako alinikokota hadi kale kajumba ka makumbusho, nyuma ya kanisa, ka wahamiaji wa zamani waliokwenda magharibi kwa magari ya kukokotwa na maksai. "Utaota kuvu humu nyumbani, binti yangu. Inuka!" aliniambia. Bi Verna, anayetembeza wageni, hakunyamaza hata kidogo, mpaka alipotuonyesha kiatu kimoja cha ngozi, mama yako akamkatiza: "Verna, hicho kiatu si cha safari, ni cha marehemu mumeo!" Nikacheka, mara ya kwanza tangu Machi.

Kisha Verna akashika gurudumu kuukuu. Akasema mtoto akiwafia wale wahamiaji safarini, walimzika katikati ya njia, halafu wakapitisha magari yote juu ya kaburi, mbwa mwitu wasije wakamnusa na kumfukua. Hawakuweka hata jiwe. "Asubuhi hiyohiyo wakaendelea kwenda magharibi," akasema.

Nilitoka, nikaketi ngazini.

Harlan, tangu tumzike Opal wetu umeniandikia barua sita kutoka huko machimboni. Theluji, injini ya gari, chakula kibaya cha kambini. Jina la mtoto hujalitaja hata mara moja. Nilidhani umemsahau, nikakuchukia. Kumbe unapitisha magari juu yake.

Lakini mimi si mbwa mwitu, mume wangu. Mimi ni mama yake. Kwangu usimfiche.

Mkeo,
Lorena