Mrija wa Mzee na Panya Niliyemsingizia

Jumapili, saa kumi jioni. Mvua imekatika, uwanja wetu hapa Adungosi ni tope tupu, na mimi sina amani.

Niandike tu ukweli, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Mrija wa baba mkwe haukuliwa na panya.

Niliuchoma mimi.

Ulikuwa mrija wake wa ajon, pombe ya wimbi ambayo wazee wetu wa Kiteso huinywa wakizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Ulining'inia ukutani, mweusi kwa moshi wa miaka. Mimi ni mwalimu wa sayansi, na uchafu hunikera. Wiki jana nikisafisha nyumba, nikautia motoni pamoja na takataka. Mzee alipouliza, mdomo ukanitangulia: "Ni panya, Baba."

Ili nimtulize, nikamnunulia mpira wa plastiki huko Malaba, ule mwembamba ambao mafundi huutia maji wapime usawa wa ukuta. Nikatoboa ncha yake kwa sindano ya moto ili uchuje makapi. Plastiki ikalainika kama siagi, na hata hapo sikushtuka.

Mimi, ninayewafundisha watoto kila mwaka kwamba plastiki hulegea kwa joto na mti haulegei!

Jana wazee walikutana. Chungu cha ajon huongezwa maji moto kila mara. Mirija ya wenzake, vijiti vya mmea vilivyo wazi ndani, ilisimama wima kama kawaida. Wa Mzee ulilegea, ukajikunja kwenye ukingo wa chungu, ukaziba. Akavuta mpaka mashavu yakabonyea. Hakupata kitu. Wenzake wakaangua kicheko.

"Mrija yangu imelewa kabla yangu," akasema, akacheka nao. Hakunitaja hata kidogo. Alirudi nyumbani mapema, na kiu yake.

Leo tulipotoka kanisani akaniita. Kumbe alikuwa ametega mtego wa waya chini ya msumari ulipokaa mrija.

"Mwalimu, kuja uone. Tumeshika ule mwizi."

Alikuwa panya mdogo, hata mkia haujakomaa. Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nikamtazama yule mnyama, nikasema, "Ndiye huyo, Baba."

Mzee akamtoa, akampiga fimbo moja tu. Halafu akabaki amesimama, fimbo mkononi.

"Maskini, hata hakujua," akasema. "Hakujua hiyo mrija nilikatiwa na ndugu yangu kule Tororo, mwaka ile alikufa."

Panya hakujua. Mimi nilijua. Mzee alinisimulia mwenyewe, juma lile nilipoolewa hapa.

Chai yake ya jioni imechemka. Naipeleka sasa hivi, na kabla hajashika kikombe nitamwambia.

Mungu anisaidie nisiseme tena panya.