Mama Ukutani

Nyambura mjukuu wangu,

Huku Bahati tumeamka vizuri. Mamako amepona kikohozi na viazi vimeota. Umeniuliza kama ni kweli nilikaribia kufutwa kazi kwa sababu ya picha. Ni kweli.

Unaijua ile nyumba ya zamani ya mzungu ambapo natunza bustani. Siku hizi wasanii wa hapa kwetu hualikwa kuishi hapo mwezi mzima wakifanya kazi zao. Wa mwisho alikuwa Chebet, mchoraji kutoka mtaa wa Free Area. Aliniuliza nyuma ya mawaridi palikuwa na nini zamani. Nikamwambia palikuwa na vibanda vya wafanyakazi. Akavichora kwenye ukuta wa stoo, na mama yangu, kama nilivyomweleza, amesimama mlangoni mwa kimoja.

Siku ya maonyesho, wageni wakiwa tayari getini, meneja wa nyumba alikuja na ndoo ya rangi nyeupe kuifuta picha wasije wakaiona.

"Nani alikuambia kulikuwa na vibanda hapa?"

"Nimejitungia tu, boss," Chebet akasema, akinikinga.

Meneja akachovya brashi. Nilifikiria karo yako, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Ni mimi. Nilizaliwa hapo. Huyo ni mama."

Alinitazama, kisha akatazama ukuta, rangi ikidondokea kiatu chake.

"Shosho, miaka hii yote hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Akaweka brashi chini. Wageni walipoingia, aliniomba niwatajie jina la mama. Nililitaja lote: Wangari wa Kamau.

Nakuombea kila asubuhi.

Shosho wako