Feni Niliyoiweka Mbele

Jumanne, Kasese. Mawingu yamefunika milima tangu asubuhi.

Kosa wanalofanya wengi wanapotengeneza handaki la upepo, yaani sanduku la kupimia nguvu ya upepo, ni kuweka feni mbele. Wanaona ni sawa tu: upepo upulizwe kwenye kitu kinachopimwa. Lakini hewa inayotoka kwenye feni huzunguka. Feni ikae nyuma, ivute hewa, nayo hewa ipite kwanza kwenye mirija iliyopangwa mlangoni ili inyooke.

Mimi niliiweka mbele.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikifundisha fizikia hapa mjini. Wakimbizi kutoka Beni walikuwa wakijenga kanisa dogo Bwera, mahali ambapo upepo wa milimani hushuka kwa nguvu, wakaniomba niwachagulie paa. Fundi wao, Kambale, akanitengenezea sanduku refu la mbao, wazi pande zote mbili, lenye kioo ubavuni. Ndani tuliweka mfano wa kanisa, mdogo kama tofali, juu ya mizani ya kuonyesha upepo unaunyanyua kiasi gani.

Tulipowasha feni, Kambale akapitisha moshi wa sigara yake.

"Mwalimu, hii moshi iko natembea kama mulevi."

"Fundi, wewe chonga mbao. Hesabu niachie."

"Sawa. Upepo itakuya kusoma kaye yako," akasema, akilionyesha daftari langu kwa kidevu, akacheka.

Moshi ule niliuona. Sikutaka tu kusahihishwa na mtu aliyeishia darasa la tatu. Mizani ilipotikisika, nikaandika namba iliyonipendeza, nikachagua paa lililolala, lenye ukingo mrefu.

Dhoruba ya kwanza iliondoka nalo. Hakuna aliyeumia, ila watu walisema Kambale alibania misumari. Hakupewa tena kazi ya paa pale Bwera. Akabaki kuchonga vigoda. Nilikuwepo siku waliyomsuta.

Nililikunja daftari langu, nikarudi Kasese.

Baadaye niliihamishia feni nyuma, nikiwa peke yangu, mlango nimeufunga. Moshi ukanyooka kama uzi. Mizani ikaonyesha wazi kwamba paa lile lingeng'oka hata lipigiliwe vipi. Nikaichana karatasi niliyoandika namba hizo.

Jana sokoni niliambiwa Kambale yu hai, macho yamefifia, anaishi Bwera kwa binti yake. Bado huwahesabia wajukuu misumari aliyoipiga kwenye paa lile.

Leo najiambia: Mwalimu, panda gari, nenda Bwera, ukamwambie mbele ya wajukuu wake kwamba kosa lilikuwa lako.